Meneja wa utengenezaji wa dawa: Ujuzi na tajriba anayohitaji

MTU anaponunua tembe za malaria katika duka la dawa mtaani, hana njia ya kujua kilichomo ndani. Anaweza kutazama rangi, kusoma jina na tarehe ya kuharibika, na kuhesabu kama tembe zimetimia. Basi. Muuzaji naye hana mtambo wa kuzipima, na daktari aliyeziandika hakuwapo zilipokuwa zikitengenezwa.

Wote watatu, mgonjwa, muuzaji na daktari, wamemwekea imani mtu ambaye yamkini hawatamwona maishani. Mtu huyo ni meneja wa utengenezaji katika kiwanda cha dawa.

Vijana wengi wanaofanya vyema katika masomo ya sayansi hudhani kuwa anayesomea famasia mwisho wake ni kusimama nyuma ya kaunta ya duka au dirisha la hospitali. Wachache hufikiria viwanda vya dawa vilivyoko Eneo la Viwanda jijini Nairobi, Ruaraka, Kikuyu na kwingineko. Na hata wale wanaovifikiria hawajui ni njia ipi humfikisha mtu kwenye kiti cha meneja.

Somo letu la leo linaeleza elimu inayotakiwa, tajriba anayofaa kuwa nayo mtu huyu na ujuzi unaomtofautisha na meneja wa kiwanda cha sabuni au biskuti. Hata msomaji asiyekusudia kuifanya kazi hii atapata kujua dawa anayoimeza hulindwa vipi kabla ya kumfikia.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Meneja wa utengenezaji ndiye mkuu wa shughuli zote zinazogeuza malighafi kuwa dawa iliyofungwa tayari kwa kuuzwa. Tuchukue mfano wa tembe za kawaida.

Kwanza, viungo hupimwa kwa mizani katika chumba maalumu: kiungo chenye tiba pamoja na vile vya kushikanisha, vya kuongeza ujazo na vya kuifanya tembe ivunjike tumboni. Kisha huchanganywa, hulowanishwa na kufanywa chembechembe, hukaushwa na kuchanganywa tena. Baadaye chembechembe hizo huingia katika mashine inayozishindilia ziwe tembe. Nyingine hupakwa rangi au sukari. Mwishowe hufungwa, hubandikwa lebo na kutiwa katika makasha.

Dawa yote inayotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja huitwa bechi, na hupewa nambari yake. Nambari hiyo ndiyo unayoiona imepigwa mhuri kwenye pakiti. Kukitokea tatizo, ndiyo inayowezesha bechi hiyo yote kufuatwa na kurudishwa kutoka madukani.

Kazi ya meneja ni kuhakikisha kuwa kila hatua imefanywa jinsi ilivyoidhinishwa, na watu waliofunzwa, kwa mashine safi zilizokaguliwa, na kwamba yote yameandikwa wakati yanapofanyika. Ni kweli kwamba ana idadi ya tembe anayotakiwa kuifikisha kila mwezi. Lakini idadi hiyo ndiyo nusu nyepesi ya kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Meneja huyu hana mamlaka ya kuamua kwamba dawa iuzwe. Kanuni za Utengenezaji Bora, zinazojulikana kote viwandani kwa herufi GMP, zinataka mkuu wa utengenezaji na mkuu wa ubora wawe watu wawili tofauti, na mmoja asiwe chini ya mwenzake. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliandaa rasimu ya kwanza ya kanuni hizo mwaka wa 1967.

Sababu ni rahisi kuielewa. Anayesukumwa kutimiza idadi asiwe yeye huyo huyo wa kuamua kama dawa ni nzuri. Mvuvi hasifii samaki wake mwenyewe mizani ikiwa mkononi mwake.

KWA NINI NI KAZI YA UHAI NA MAUTI

Mwaka wa 1937 kampuni moja nchini Marekani ilitaka kuuza dawa ya salfa katika hali ya maji. Mkemia wake aliyeyusha dawa hiyo katika kemikali iitwayo daiethilini glaikoli. Ilikuwa tamu, na ladha, harufu na rangi vilikaguliwa. Hakuna aliyechunguza kama ni sumu. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilipitisha sheria iliyowalazimu watengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

Mtu angedhani somo hilo lilitosha. Halikutosha. Mwishoni mwa mwaka wa 2008, watoto nchini Nigeria walianza kufa baada ya kupewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu ya kuota meno. Sumu ilikuwa ni ile ile, iliyoingia kupitia malighafi iliyonunuliwa kwa mchuuzi asiyestahili. Watoto 84 walifariki. Mnamo Mei 2013, mahakama moja mjini Lagos iliwahukumu wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo kifungo cha miaka saba.

Tarehe 5 Oktoba 2022, WHO lilitoa onyo kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa India na kupatikana nchini Gambia. Vipimo vilionyesha kwamba zilikuwa na daiethilini glaikoli na kemikali ya jamii yake. Zilihusishwa na vifo vya watoto 66 vilivyotokana na figo kushindwa kufanya kazi.

Kwa nini kosa lile lile lijirudie? Dawa nyingi za maji hutengenezwa kwa gliserini au propilini glaikoli, ambazo hazina madhara kwa viwango vya dawa. Daiethilini glaikoli, ambayo hutumika katika kazi za viwandani kama vile vimiminika vya breki, hufanana nazo: haina rangi, ni nzito kiasi, na ni tamu. Aidha bei yake ni nafuu. Mtu mlaghai akiitia katika mapipa na kubandika lebo ya gliserini, jicho halitatambua.

Kinga ipo, nayo si ngumu. Kila pipa lipimwe kabla ya kufunguliwa kwa matumizi, wala si pipa moja kwa niaba ya mengine. Kiwango cha sumu hiyo kisizidi asilimia 0.1. Malighafi ambayo haijapitishwa na maabara ikae mahali pake pa karantini, na pasiwe na ruhusa ya kuigusa hata kama mashine zimesimama zikiingoja.

Hapo ndipo meneja wa utengenezaji anapoingia. Maabara hupima, lakini aliye na mapipa, wafanyakazi na mashine zinazongoja ni yeye.

ELIMU INAYOTAKIWA

Njia inayopitwa na wengi nchini ni shahada ya famasia. Masomo hayo huchukua miaka mitano na hutolewa katika vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na kile cha Kenyatta. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, kisha usajili chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, ambayo ndiyo inayosimamia wafamasia, dawa na viwanda vyenyewe kwa mujibu wa sheria, Sura ya 244.

Ukiwa bado katika shule ya upili, tilia mkazo kemia, biolojia, hisabati na fizikia. Usiidharau lugha. Meneja asiyeweza kuandika maelezo ambayo mfanyakazi wa zamu ya usiku atayaelewa bila kuuliza ni hatari kwa umma.

Wapo pia waliofika kwa njia ya kemia ya viwandani au uhandisi wa kemikali, na wengine walianza na diploma ya teknolojia ya famasia, kama ile ya miaka mitatu inayotolewa na chuo cha KMTC, kisha wakaongeza masomo. Anayekuja kwa njia ya uhandisi huzijua mashine vizuri lakini sharti ajifunze dawa inavyofanya kazi mwilini. Mfamasia naye huijua dawa lakini sharti azoee mafuta, nati na mikanda ya mashine.

Kwa anayetaka kuendelea, Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya uzamili katika famasia ya viwandani. Karibu nasi, mjini Moshi nchini Tanzania, Shule ya Famasia ya Kilimanjaro imewafunza wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kutengeneza dawa kwa mikono yao katika kiwanda kidogo cha mafunzo.

Hata hivyo, cheti hufungua lango la kiwanda tu. Hakikuketishi kwenye kiti cha meneja.

TAJRIBA: PANDA NGAZI KIDATO BAADA YA KIDATO

Waajiri wengi wanaotafuta meneja wa utengenezaji huitisha tajriba ya miaka kadhaa, aghalabu si chini ya mitano, na sehemu yake iwe katika usimamizi. Msomaji anaweza kuuliza: miaka hiyo yote ni ya nini, ilhali mtu amekwisha soma mitano chuoni?

Jibu ni kwamba kiwandani kuna mambo yasiyokaa kitabuni. Chembechembe zilizokauka vizuri Januari, wakati wa jua kali, huenda zisikauke sawa wakati wa mvua za Aprili kama hewa ya chumba haikudhibitiwa. Kuna mlio wa mashine unaomwambia mzoefu kuwa kinu kimeanza kulika kabla ya tembe kuonyesha dalili. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mpango mzuri wa tajriba huwa hivi:

Kwanza, anzia kwenye sakafu ya kiwanda. Kaa katika chumba cha mizani, cha kuchanganyia, cha kushindilia tembe na cha kufungia. Usiwe mtazamaji. Safisha mashine, ifungue, iunganishe tena. Asiyewahi kuosha mashine hatajua ni pembe ipi unga hujificha, na unga wa dawa ya jana ukibaki humo huingia katika dawa ya leo. Ndiyo maana dawa kama penisilini hutengewa jengo na mitambo yake: chembe kidogo tu yaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake hauivumilii.

Pili, simamia zamu. Hapa utajifunza kuongoza watu wanaokuzidi umri na ujuzi wa mashine. Mwendeshaji mashine aliyefanya kazi hiyo miaka 20 hatakuheshimu kwa sababu ya shahada. Atakuheshimu ukimsikiliza, ukimtendea haki, na ukisimama imara palipo na kanuni.

Tatu, fanya kazi kwa muda katika idara ya ubora au maabara. Anayetoka huko akirudi kwenye utengenezaji hawaoni tena watu wa ubora kama polisi wa barabarani.

Nne, shiriki katika ukaguzi. Wakaguzi wa PPB huja, na kiwanda kinachotafuta soko la nje hutembelewa na wakaguzi wengine pia. Jifunze kujibu ulichoulizwa, kuonyesha rekodi ilipo, na kukiri pengo lililopo pamoja na mpango wa kuliziba. Mkaguzi mzoefu hutilia shaka kiwanda kinachodai hakijawahi kukosea.

Tano, hamisha dawa kutoka maabara hadi kiwandani. Kutengeneza tembe 1,000 ni kitu kimoja, kutengeneza 1,000,000 ni kitu kingine. Muda wa kuchanganya, joto la kukausha na kasi ya mashine vyote hubadilika. Kiwanda hutakiwa kuthibitisha, kwa kawaida kwa bechi tatu mfululizo au zaidi, kwamba utaratibu wake hutoa matokeo yale yale kila mara.

HESABU ISIYOKUBALI UJANJA

Miongoni mwa ujuzi wa kila siku, hesabu hushika nafasi ya mbele. Si hesabu ngumu, ila ni hesabu isiyosamehe. Tufanye moja pamoja.

Tuseme tuna kilo 300 za mchanganyiko uliokamilika, na kila tembe ina uzito wa miligramu 600. Gawanya, utapata tembe 500,000. Hiyo ndiyo idadi kamili inayowezekana.

Mwisho wa kazi, tembe 488,000 zimefungwa, 2,000 zimechukuliwa na maabara kama sampuli, na 6,500 zimetupwa kwa kuvunjika au kuwa na kasoro. Jumla ni 496,500, yaani asilimia 99.3. Zilizosalia, sawa na asilimia 0.7, ni unga ulionyonywa na mitambo ya vumbi au kubaki katika mashine. Kama kiwanda kimeweka kikomo cha asilimia 98 hadi 100, bechi hii haina tatizo.

Sasa tuseme jumla imefika 507,000, yaani asilimia 101.4. Mtu asiyejua atafurahi kuwa amepata faida. Meneja mwenye tajriba atashtuka. Tembe za ziada zimetoka wapi? Ama tembe zinatoka nyepesi kuliko inavyotakiwa, ama mizani ilikosea, au, baya zaidi, tembe za dawa nyingine zimechanganyika humo. Katika kiwanda cha dawa, kilichozidi hutisha sawa na kilichopungua.

Lebo nazo huhesabiwa vivyo hivyo: zilizotolewa stoo, zilizobandikwa, zilizoharibika na zilizorudishwa. Lebo moja iliyopotea chini ya meza huweza kesho kubandikwa kwenye chupa ya dawa tofauti. Kwa hiyo kabla ya dawa mpya kuanza kufungwa, msimamizi na mtu wa ubora hukagua laini nzima, chini ya mikanda na nyuma ya mashine, na kutia sahihi kwamba hakuna kilichosalia cha dawa iliyotangulia.

KALAMU NI SEHEMU YA MASHINE

Viwandani kuna msemo kwamba lisiloandikwa halikufanyika. Kila bechi ina kitabu chake cha rekodi: nani alipima, nani alishuhudia, saa ngapi, mizani ipi, joto kiasi gani. Kosa la kalamu halifutwi kwa wino mweupe. Hupigwa mstari mmoja ili lililokuwapo lisomeke, likaandikwa la kweli, kwa sahihi, tarehe na sababu.

Baadhi ya wafanyakazi huona hayo kuwa usumbufu, wakangoja mwisho wa zamu wajaze yote kwa kukumbuka. Huo ni uongo hata kama nambari zote ni sawa. Mgonjwa akidhurika miezi minane baadaye, kitabu hicho ndicho shahidi pekee aliyebaki. Meneja ndiye anayepaswa kupita vyumbani na kutazama kama kalamu inatembea sambamba na mashine.

ZOEZI: WEWE UNGEFANYAJE?

Sasa tupime kama somo limeeleweka. Huu ni mfano wa kubuni, lakini hali kama hii huwapata mameneja wengi.

Ni saa nne za usiku. Mashine inashindilia tembe 120,000 kwa saa. Lori la kupeleka dawa hospitalini litafika alfajiri. Kila baada ya nusu saa tembe 20 hupimwa uzito mmoja mmoja. Kwa tembe zenye uzito zaidi ya miligramu 250, kanuni ya vitabu rasmi vya viwango vya dawa, kama vile cha Uingereza, ni hii: kati ya tembe 20, zisizidi mbili zitakazotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na isiwepo hata moja itakayotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10.

Kipimo cha saa tatu na nusu kilikuwa kizuri. Cha saa nne kinaonyesha wastani wa miligramu 598. Asilimia 5 yake ni karibu 30, hivyo kila tembe ingefaa kuwa kati ya 568 na 628. Lakini tembe tatu ziko nje: moja ina 560, nyingine 563 na ya tatu 641. Hakuna iliyovuka asilimia 10.

Msimamizi wa zamu anasema: "Bosi, ni tembe moja tu imezidi. Tupime 20 nyingine, huenda zikawa sawa."

Je, ungefanyaje? Tafakari kabla ya kuendelea kusoma.

Jibu ni kusimamisha mashine. Kupima tena na tena hadi nambari nzuri ipatikane si kupima, ni kutafuta kisingizio. Tembe zote zilizotoka tangu saa tatu na nusu, yaani karibu 60,000, zitengwe katika mapipa yaliyobandikwa alama ya kusubiri uamuzi. Idara ya ubora ijulishwe usiku huo huo, na tukio liandikwe jinsi lilivyo.

Kisha chanzo kitafutwe. Kwa kuwa wastani ni mzuri lakini tembe moja moja zinapanda na kushuka, huenda chembechembe hazimiminiki sawasawa kutoka kwenye tangi la juu, labda kwa unyevu au unga mwingi mno. Huenda pia mojawapo ya vyuma vya kushindilia kimelika au kimelegea. Mzoefu ataanza kwa kuangalia kama tembe mbovu zinatoka katika kinu kile kile. Tengeneza, pima upya, ubora wakiridhika ndipo mashine iendelee.

Na lori? Litangoja, au litaondoka na kilichopitishwa.

Huenda mtu akasema miligramu 40 ni kitu gani. Kwa tembe ya kutuliza maumivu ya kichwa, pengine mgonjwa hatahisi tofauti. Lakini mashine ile ile kesho itatengeneza dawa ya kifafa au ya moyo, ambako dozi ikipungua mgonjwa huanguka, ikizidi humdhuru. Isitoshe, kwa dawa zenye dozi ndogo sana, tembe inaweza kuwa na uzito kamili ilhali kiungo chenye tiba hakikuchanganyika vizuri, na mizani haitajua. Timu iliyozoeshwa kufumbia macho dosari ndogo haitaamka ghafla siku ya dosari kubwa.

UJUZI MKUU NI KUSEMA "SIMAMISHA"

Tukiyaweka hayo yote pamoja, tunaona kwamba mwajiri anapouliza tajriba, anachotaka kujua ni hiki: je, mtu huyu ameona mambo ya kutosha kutambua kilichoharibika mapema, na ana moyo wa kusimamisha kazi watu wakimkasirikia?

Vipimo vya mwisho vya maabara haviwezi kumwokoa asiye na moyo huo. Maabara hupima tembe chache kati ya laki kadhaa. Ubora lazima uwe umejengwa ndani ya dawa wakati wa kuitengeneza, kwani hauwezi kuongezwa baadaye.

Moyo huo pia hujengwa kwa wengine. Mwendeshaji mashine akiripoti kosa lake mwenyewe na kuadhibiwa kwa kulisema, hiyo ni mara ya mwisho kiwanda kusikia ukweli kutoka kwake. Meneja mwerevu humshukuru anayeripoti, humfunza, kisha huchunguza ni kwa nini utaratibu uliruhusu kosa hilo.

Fauka ya hayo, meneja wa hapa nchini ana mitihani yake. Sehemu kubwa ya malighafi hutoka ng'ambo, hasa India na China, na meli ikichelewa ratiba yote huvurugika. Stima ikipotea ghafla, hewa safi ya vyumba husimama na bechi iliyokuwa wazi hutiliwa shaka. Anahitaji kujua bajeti, matengenezo ya mitambo, na namna ya kuzungumza na mwenye kiwanda kuhusu gharama bila kuuza kanuni.

Lakini inawezekana. Kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu, kaunti ya Kiambu, kilipata idhini ya ubora ya WHO mwaka wa 2011 kwa dawa ya virusi vya Ukimwi. Mwaka wa 2023 kikawa cha kwanza barani Afrika kupata idhini hiyo kwa tembe zinazojulikana kama TLD, ambazo huunganisha dawa tatu. Mwaka wa 2025 Hazina ya Dunia ya kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ilitangaza kwamba imenunua TLD zilizotengenezwa huko kwa ajili ya wagonjwa wa Msumbiji. Nyuma ya idhini kama hizo kuna miaka ya vitabu vya bechi vilivyojazwa ipasavyo.

ANZA HIVI

Kwa msomaji kijana anayeitamani kazi hii, yafaa aanze mapema. Ukiwa chuoni, omba nafasi ya mazoezi kiwandani wakati wa likizo, hata kama ni ya kuhesabu makasha. Soma kanuni za GMP kwa ukamilifu, kwani WHO limezichapisha wazi kwa yeyote. Ukiajiriwa, kubali zamu ya usiku, kwa kuwa huko ndiko mengi hutokea wakubwa wakiwa wamelala. Weka daftari lako la matatizo uliyoyaona na jinsi yalivyotatuliwa. Baada ya miaka mitano, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko barua nyingi za sifa.

Na ukiitwa kwa mahojiano ya kazi ya meneja, jitayarishe kwa swali hili: "Tueleze siku uliposimamisha kazi, na sababu yake." Asiye na jibu huenda ana miaka mingi kiwandani, lakini tajriba bado. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii kuinama ni kushuka kwenye sakafu ya kiwanda, kuijua mashine, kuwajua watu wake, na kukumbuka kila saa mgonjwa aliye mbali anayefungua pakiti kwa imani.